Ajira na Kustaafu kwa Vitu: Uainishaji wa Awali wa Zawadi za Safari Katika Eneo la Longisa

Tangu Carl Linnaeus achapishe Systema Naturae mwaka 1735, sayansi haijapumzika. Mende ana ukoo wake, nyangumi ana wake, na hata magugu yanayoota kando ya lami yana majina mawili ya Kilatini. Lakini yule twiga wa jiwe aliye juu ya kabati la shangazi yako hana ukoo unaotambuliwa na chuo chochote. Hupanguswa vumbi Jumamosi, hurudishwa mahali pake, na hakuna profesa aliyewahi kujiuliza ni kiumbe wa aina gani. J. G. Peristiany aliandika kitabu kizima mwaka 1939 kuhusu taasisi za jamii ya Wakipsigis, marika yao na koo zao, na bado twiga hakupata mtetezi. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo.

Eneo la utafiti ni Longisa, Kaunti ya Bomet. Najua wahakiki wataguna. Watasema kwamba anayetaka kuchunguza biashara ya vinyago na aende Soko la Wamasai la Nairobi, au asimame pale juu ya Bonde la Ufa, njia ya Mai Mahiu, ambako kila kona ina kibanda cha ngozi za kondoo. Jibu langu ni kwamba huko ushahidi umeshaharibiwa. Kila kilichopo kimekwisha kuambiwa kwamba ni ukumbusho wa Afrika, nacho kimekubali. Kilichopo Longisa bado hakijaambiwa.

Sababu ni ya kijiografia. Anayetoka Nairobi kwa barabara hiyo hupita Narok, akafika Ewaso Ng'iro, na hapo magari ya watalii hukata kushoto kuelekea Sekenani na Maasai Mara. Dola hukata kona nayo. Wanaoendelea mbele, kupitia Ololulung'a na Mulot hadi Longisa, kisha Bomet, Kaplong na Kisii, ni watu wenye shughuli zao: mwalimu anayerudi shule, mfanyabiashara wa ng'ombe, mama aliyebeba chupa ya uji kumpelekea mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyo hapo Longisa. Mtu wa namna hiyo hatafuti kinyago. Hata yule mgeni aliyeambiwa anaingia nchi ya chai hupigwa na butwaa, kwa kuwa Longisa kwenyewe si kwa chai. Ni upande wa chini, wa joto, wa mahindi na mifugo, kati ya mto Amala na mto Nyangores, ile miwili inayokwenda kukutana na kuzaa mto Mara. Ili uione chai lazima upande, Bomet, Silibwet, Konoin, hadi Kericho.

Kuhusu mbinu, nilitumia ile inayokubalika na watafiti wengi wa ukanda huu: kukaa kwenye benchi la hoteli, kuagiza chai ya maziwa, na kusikiliza mazungumzo yasiyonihusu.

Kanuni ya Kustaafu

Watu kwa kawaida hugawa vitu vya ukumbusho kwa mali ghafi (mbao, jiwe, ngozi, shanga), au kwa kabila, au kwa uhalisi. Migawanyo yote mitatu inaanguka ikifikishwa sokoni. Chukua ule wa uhalisi. Kinyago cha shujaa wa Kimasai unachokiona kwenye rafu Narok, yaelekea kimechongwa na Mkamba, kwa sanaa ambayo Mutisya Munge wa Wamunyu aliichukua kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza akaenda nayo nyumbani. Mti unaopaswa kuwa mpingo mara nyingi ni mjakaranda, ambao asili yake ni Amerika Kusini, na weusi wake umetoka katika kopo la rangi ya viatu. Mjerumani anakinunua. Sasa niambie, msomaji, kiandikwe katika daftari la kabila gani?

Napendekeza mgawanyo wa kiutumishi. Kila kitu kilichotengenezwa kwa mkono kina hali yake ya ajira, sawasawa na karani wa serikali, na hali hiyo ndiyo inayoamua kama kitauzwa kwa mwenyeji au kwa mpita njia. Hivyo naweka kanuni ifuatayo, ambayo nitaiita Kanuni ya Kustaafu: kitu huwa ukumbusho siku kinapoacha kazi. Mtungi unaochota maji ni mtungi. Mtungi uliopigwa vanishi na kuwekwa kona ya sebule ni ukumbusho. Udongo ni ule ule na fundi yule yule, ila mmoja umepokea barua.

Serikalini Kenya umri wa kustaafu kwa lazima ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Kwa vitu hakuna umri. Mkono wa mtu ndio unaoamua.

Vitu vilivyo kazini kwa masharti ya kudumu

Hili ndilo kundi kubwa zaidi Longisa, na ndilo linaloeleza kwa nini mgeni huzunguka soko zima akirudi na malalamiko kwamba hakuna cha kununua. Vipo tele. Tatizo ni kwamba vyote viko kazini, na hakuna aliyemwambia kwamba kitu kilicho kazini kinanunulika.

Mkuu wa kundi ni sotet, kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya kugandisha. Kwenye soko la kawaida hukaa katikati ya mabeseni ya plastiki, kandambili na vijiko vya mbao, bila kibao cha maelezo na bila taa ya kukimulika. Kando yake kuna sosiot, ufito wa mkindu uliopondwa ncha ukawa brashi ya kusugulia ndani ya kibuyu. Mnunuzi asiyejua hudhani ni fimbo iliyoharibika.

Mazungumzo yafuatayo niliyasikia karibu kiasi cha kuweza kuyaandika. Kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua kichwani alichukua kibuyu, akakigeuza, akauliza:

"Mama, hii ni pesa ngapi?"

"Ni ya maziwa ama ni ya ukuta?"

"Kwani bei ni tofauti?"

"Bei ni moja. Lakini kama ni ya ukuta, sitakuchagulia."

Sijapata kuisikia Kanuni ya Kustaafu ikitamkwa vizuri kuliko hapo, wala mama yule hakuwa na shahada ya uzamili. Alikuwa anatofautisha mwajiri na mlezi wa wazee. Kijana alipojibu kwa sauti ya chini kwamba ni ya maziwa, mama aliinuka. Kile cha kwanza, ambacho kijana alikipenda kwa sababu ya shanga, alikiweka kando bila kukitazama. Akachukua kingine, cheusi kidogo, kisicho na pambo. Akakigonga kwa ukucha mara mbili tatu akisikiliza. Akakitazama shingoni, akaingiza pua mdomoni mwake. "Hii imetoka uchungu," akasema, maana kibuyu kipya huwa kichungu na lazima kilowekwe, kikwanguliwe, kimwagwe, kilowekwe tena, mpaka ule uchungu wa nyama yake uishe. Kile chenye shanga, alieleza, bado. Maziwa yangekataa.

Kisha akamweleza kazi ambayo chombo hicho kitaifanya, kwa undani ambao duka la vinyago halina. Kisuguliwe kwa sosiot kwa maji safi. Kikauke. Kitiwe kaa la moto la senetwet, ule mti mdogo wa maua ya njano unaoota ovyo kando ya njia, na kaa lisagwe kwa sosiot ndani humo mpaka kuta zote ziwe nyeusi. Unga unaobaki ukung'utwe. Maziwa yachemshwe, yapoe kabisa, yamiminwe, kifuniko kifungwe, na kibuyu kiachwe mahali pa baridi kwa siku kadhaa bila kufunguliwa na watoto. Sharti hili la mwisho alilitaja mara mbili. Yakitoka huwa mazito, yana rangi ya kijivu inayokaribia buluu, na ladha ya moshi ambayo mgeni huipokea kwa adabu na mwenyeji kwa mikono miwili.

Msomaji atakayepinga kwamba sotet nalo limekwisha kuwa pambo, kwa kuwa huliona kwenye televisheni wanariadha wenye medali wakinyweshwa mursik uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, nitamjibu kwamba ile ni kazi pia. Ni kazi ya itifaki. Kibuyu cha uwanja wa ndege kina maziwa ndani, tena yanamwagika kwenye jaketi la timu ya taifa, na chombo kinachomwagikia watu bado hakijastaafu. Vivyo hivyo kwenye sherehe za posa, ambako kibuyu kisicho na kitu ndani kingekuwa tusi.

Jambo moja linaitatiza nadharia, nami sitalificha. Kauri zilizoshonwa kwenye ngozi ya kibuyu zimetoka Bahari ya Hindi. Shanga za kioo, kama ni zile nzuri, zimetoka Ucheki, nchi ambayo imekuwa ikiwafyatulia watu wa Afrika Mashariki shanga kwa vizazi kadhaa. Zisipokuwa nzuri zimetoka China. Kwa mizani ya uhalisi, kitu halisi kuliko vyote Longisa ni mchanganyiko wa mabara matatu. Kwa mizani ya ajira hakuna tatizo lolote. Mfanyakazi huulizwa anafanya nini, haulizwi babu yake alizaliwa wapi.

Pamoja na kibuyu niliorodhesha ng'echeret, kigoda cha mzee kinachochongwa kutoka gogo moja bila msumari, na kerebet, kikapu. Hali ya kigoda inatia wasiwasi. Kiti cha plastiki kimeingia kila boma, kinapangwa kimoja juu ya kingine, kinakodishwa kwa matanga na harusi, na popote kilipofika kigoda kimeanza kusogezwa nyuma ya mlango. Kiti cha plastiki ndicho afisa mkuu wa kustaafisha vitu katika Afrika ya Mashariki. Mitungi aliistaafisha kaka yake, jerikani.

Vitu vilivyozaliwa vimestaafu

Kundi la pili halitengenezwi Longisa bali hupita Longisa, kwenye maboksi, juu ya mabasi. Chimbuko lake ni Tabaka, Kisii, ambako jiwe laini huchimbwa kwa majembe na mitaimbo, huchongwa likiwa bado bichi kwa panga na visu, kisha hufikia mikono ya akina mama wanaolisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka ling'ae. Hukaushwa, hutiwa rangi, hupakwa nta. Ni kazi ngumu, yenye vumbi baya kwa mapafu, na ufundi wake hauna mzaha.

Lakini kinachotoka hapo, yule twiga, yule kiboko wa kiganjani, ile familia ya watu wasio na nyuso waliokumbatiana, hakijawahi kufanya kazi siku hata moja. Kimetoka kwa fundi kikaingia moja kwa moja kwenye pensheni. Sisemi hivyo kwa dharau. Wapo watu wa namna hiyo na tunawapenda. Kipo pia kikundi kidogo cha vibarua ndani ya kundi hili: kisahani cha sabuni, bao la drafti, kikombe cha kalamu. Hivi hufanya kazi wiki ya kwanza, mpaka mwenye nyumba atambue kwamba sabuni inaganda jiweni, kisha hupandishwa cheo kwenda kabatini.

Dalili ya kuaminika ya kundi hili ni vanishi. Kibuyu kilichopakwa vanishi ndani na nje hakiwezi tena kupokea kaa la senetwet wala maziwa. Ukikikuta hoteli kubwa, kimechorwa simba na neno la kukaribisha wageni, jua unaangalia cheti cha kustaafu.

Shuka la Kimasai nitalipita haraka kwa kuwa waandishi wengine wamelichosha. Lilifumwa kiwandani tangu mwanzo, ni mhamiaji mwenye kibali halali cha kazi, na linafanya kazi usiku na mchana juu ya mabega ya wachungaji, kwenye vitanda vya wageni na chini ya mtoto anayebadilishwa nepi. Waliofukuzwa kazi kwa amri ya serikali nao hawana haja ya maneno mengi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara za wanyamapori mwaka uliofuata, na Julai 1989 Rais Moi akachoma tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera za dunia. Kwa hiyo mtu akikunong'oneza njiani kwamba ana kibangili cha pembe, au joho la ngozi ya mbega lililoachwa na babu, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haitajali kwamba ulilinunua kwa nia ya kuthamini utamaduni. Endelea na safari.

Vitu vilivyo kwenye likizo ya kustaafu

Hapa ndipo nchi ya chai inapoingia, na hapa mtafiti aliacha kucheka kwa muda.

Chai ilianza kulimwa kibiashara Kericho miaka ya 1920, na kwa karibu karne nzima kifaa chake cha kuvunia kilikuwa vidole vya mtu na kikapu kikubwa cha mgongoni. Vidole huvunja majani mawili na chipukizi, mkono huyatupa nyuma begani bila macho kuangalia, kikapu hupokea. Nani asiyeijua picha hiyo? Imechapishwa kwenye kalenda, kwenye paketi, kwenye kuta za benki. Mwenye kikapu mgongoni ndiye alama ya wilaya nzima.

Kisha zikaja mashine. Mashamba makubwa yalizipokea kwa kuwa zinavuna kwa kasi isiyoweza kufikiwa na vidole. Wachumaji walizipokea kwa namna yao, na Mei 2023 kadhaa ziliteketezwa kwa moto katika maandamano Kericho. Wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vya KTDA, shirika lao la chai, wengi wao bado wanachuma kwa mkono, ingawa kikapu chenyewe, kwa baadhi yao, ni cha plastiki, na majani husafiri ndani ya magunia ya nailoni. Kikapu cha fito hakijafukuzwa. Kimeambiwa kiende likizo kisubiri.

Kanuni ya Kustaafu inaturuhusu kutabiri, na nadharia isiyotabiri ni porojo. Natabiri kwamba katika hoteli za ukanda huu kikapu cha kuchumia chai kitaanza kuonekana kikiwa na maua ya plastiki ndani. Baadaye kitatengenezwa kidogo zaidi, cha kuwekea funguo. Mwisho kitatundikwa kwenye kioo cha gari. Urefu wa kikapu utakuwa ukipungua kadiri idadi ya wachumaji inavyopungua, na mwanafunzi yeyote anayetafuta mada ya tasnifu anakaribishwa kupima.

Chai yenyewe iko wapi katika mgawanyo huu? Paketi ya kawaida iliyonunuliwa Kericho iko kazini, na hustaafu sufuriani. Inayosumbua ni chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho kwa ajili ya wakulima. Ni mmea wa kazi kabisa, wenye sifa zake. Lakini angalia kinachoipata chai hiyo ikishafungwa kwenye kiboksi kizuri chenye utepe: hununuliwa kama zawadi, hupelekwa Nairobi, husifiwa rangi, huwekwa kabatini kusubiri mgeni maalumu. Mgeni akija hupewa ile ya kawaida, yenye maziwa na tangawizi. Chai ya zambarau naiandika katika safu ya makaimu. Iko ofisini, haijathibitishwa.

Kuhusu vilivyoondoka bila kununuliwa

Baada ya vitu ni zamu ya wanunuzi, na uainishaji wao hauwezi kuwa kamili bila kumtaja mnunuzi asiyelipa. Oktoba 1905, Richard Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza, alimuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Kisha akaondoka na fimbo zake za uongozi. Zilikaa Uingereza katika familia yake, zikarudishwa Kenya mwaka 2006. Kwa karne nzima zilikuwa kitu cha ukutani cha mtu aliyezistaafisha kwa risasi, na hakuna kundi la utumishi wa umma linalozitosha. Nimeziacha nje ya uainishaji huu kwa makusudi.

Ili haki itendeke nitaje pia mgeni wa namna nyingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, ng'ambo ya pili ya Bomet, akiwa na mitambo ya kunasa sauti. Alirekodi wachezaji wa chepkong'o, kinubi cha Kipsigis, pamoja na wimbo uitwao "Chemirocha", jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika vijijini. Chepkong'o kilibaki kwa mwenyewe. Alichochukua Tracey ni sauti, na baada ya zaidi ya miaka 60 nakala zilirudishwa na maktaba aliyoianzisha, wazee wachache walioimba siku ile wakiwa bado hai. Naona huyu ndiye msafiri pekee katika utafiti huu aliyeondoka na kitu bila kukiachisha kazi. Ni kweli kwamba hakulipa bei ya soko pia.

Wanunuzi

Wanunuzi waliobaki si wagumu kuwatambua, kwa kuwa muuzaji huwatambua kabla hawajashuka garini. Husoma viatu, kisha nambari ya gari, kisha lafudhi, na bei huwa imeshaundwa mgeni anapofungua mdomo. Wapo wanaoamini kwamba neno "chamgei" hushusha bei. Uchunguzi haukuthibitisha hilo. Salamu ya Kipsigis kwa lafudhi ya Nairobi hurefusha mazungumzo, huleta kiti, huibua maswali kuhusu wazazi wako, na mwishoni bei hubaki palepale, ila sasa unaona aibu kuipinga.

Mtoto wa kwao anayeishi Marekani ndiye mnunuzi makini kuliko wote. Amekuja likizo kutoka Minneapolis au Dallas na anataka sotet la kazi, kwa kuwa huko maziwa yapo kwenye madebe makubwa lakini hayana moshi. Tatizo lake liko uwanja wa ndege. Mursik wenyewe hautavuka: Wamarekani wana masharti makali ya maziwa yatokayo nchi zenye ugonjwa wa miguu na midomo. Kibuyu husafiri kitupu, kimesafishwa, kimefungwa ndani ya sweta. Ila mama yake amemtilia pia mkaa wa senetwet uliosagwa, kwenye mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa kwa fundo, na ndipo kijana wa watu anajikuta mbele ya afisa mwenye glavu akieleza, kwa Kiingereza chake bora kabisa, unga mweusi usio na lebo ni wa nini.

Mwanasiasa hanunui. Yeye huvishwa. Kila mkutano humtoa na rungu, kofia, kigoda na taji la sinendet, ule mmea mtambaazi wa baraka, na gari la nyuma hubeba mzigo. Nyumbani kwake kuna marungu mengi kuliko ambavyo vita vyovyote vingehitaji. Ni bohari la wastaafu wa heshima.

Abiria wa kawaida wa matatu, ambaye ndiye wengi wetu, ana shida tofauti kabisa. Mkono mtupu haulambwi, na huko anakokwenda ataulizwa ametuletea nini. Lakini hakuna shangazi aliyewahi kuuliza swali hilo akimaanisha kiboko wa jiwe. Anamaanisha viazi vitamu, ndizi kama umepitia Kisii, maziwa kwenye chupa ya soda, au kuku aliyefungwa miguu chini ya kiti akilalamika mpaka Narok. Zawadi hizi zimo kazini kikamilifu na huliwa usiku uleule. Nikihesabu kwa uzito, na si kwa fedha, ndizo zawadi kuu za safari katika barabara nzima, na zimeachwa nje ya vitabu vyote vya utalii nilivyovipitia.

Mapendekezo

Kwanza, ikitokea ofisi yoyote ikapata fedha za kujenga banda la vinyago Longisa, lenye maegesho na choo, naomba fedha hizo zitiwe kwenye soko lililopo: paa lisilovuja juu ya mama wa vibuyu, na mwanga wa kumwezesha kuona ndani ya shingo ya kibuyu saa kumi na mbili jioni. Banda la vinyago likijengwa, vanishi itafika wiki ya pili.

Pili, kwako wewe unayepita. Usiulize vitu vya asili viko wapi, utaelekezwa Narok. Uliza vibuyu. Chagua kisichong'aa. Ukiulizwa kama ni cha maziwa au cha ukuta, jibu la kweli ndilo la bei nafuu. Ukisema maziwa, nunua na sosiot papo hapo, omba uonyeshwe mti wa senetwet, na ukifika nyumbani chemsha maziwa kweli. Ikiwa huna nia hiyo, mwachie mama kibuyu chake, nunua mahindi ya kuchoma, na uyale kabla hujafika Mulot, maana yakipoa hayana kazi.